Bibi Aliyelikataa Jicho la Pili

Nilistaafu ukatibu muhtasi wizarani nikiwa na afya njema, na hilo ndilo lililokuwa tatizo. Wiki chache nyumbani zilitosha kumfanya mume wangu, ambaye naye ni mstaafu, aniulize kwa upole kama hapa Dodoma hakuna chama chochote kinachohitaji mtu wa kukipanga upya. Makabati ya jikoni nilikuwa nimeshayapanga mara nyingi kuliko alivyoweza kuvumilia. Ndivyo nilivyoingia kwenye kikundi cha kujitolea kusaidia hospitali ya macho. Nimewasikia wenzangu wakisimulia jinsi walivyoguswa na Mungu wakaitika. Mimi niliitikia mume aliyechoka kutafuta sukari.

Tulikuwa wanawake wengi na wanaume wachache, Wakristo kwa Waislamu, karibu wote wastaafu wa serikali. Madaktari walikuwa na mashine zao. Sisi tulikuwa na sufuria na maneno. Tulipika uji kwa wagonjwa na waliowasindikiza, tulishona mashuka yaliyochanika, na gari la hospitali lilipokwenda vijijini tulipanda nalo kuwashawishi wazee wenye mtoto wa jicho waje wafanyiwe upasuaji. Kikao changu cha kwanza kilijadili fulana za kikundi hadi adhuhuri. Ikaamuliwa ziwe za kijani, na kifuani pachorwe jicho moja kubwa. Siku ya kwanza tulipozivaa kijijini watoto walikimbia, na mbuzi wakawafuata.

Kijiji chenyewe kipo ndani kidogo ya barabara iendayo Mtera. Mwenyekiti wa kijiji alituelekeza kwa bibi mmoja ambaye hakuwa ameona kitu kwa miaka mingi. Tulimkuta mlangoni pa nyumba yake, amekaa juu ya kigoda, kanga safi mabegani, wanaume wawili wazima wamechuchumaa mbele yake wakimweleza habari za mpaka wa shamba. Alitusubirisha mpaka alipomaliza kuwaamua.

"Mbukwa, bibi," nilimsalimu kwa Kigogo. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Una sauti ya msichana. Umeolewa?"

"Nimeolewa, bibi, tena zamani."

"Mh. Sauti haijajua."

Nikamweleza kuhusu hospitali. Kabla sijafika katikati, mke wa mwanawe alitoka nyuma ya nyumba, unga wa mtama umemganda mpaka kwenye viwiko.

"Mchukueni," alisema. "Mchukueni hata leo. Nitamsindikiza mwenyewe."

Niliguswa. Nilijiambia kwamba mkwe anayempenda mama mkwe kiasi hicho ni nadra, na jioni nikaliandika hilo kwenye taarifa ya kikundi kwa maneno mazuri.

Bibi mwenyewe hakukubali upesi. Alitaka kujua kama kisu kinatumika, kama daktari ana watoto, kama atalala kitandani peke yake. Mwisho alikubali kwa sababu yake mwenyewe. Alikuwa na kopo la ugoro chini ya mto, na kila siku ugoro ulipungua kuliko alivyonusa. "Nataka kumwona anayenichotea," alisema.

Alifanyiwa jicho la kulia kwanza. Asubuhi iliyofuata, nesi alipokuwa anajiandaa kumfungua bandeji, mwenyekiti wa kikundi chetu aliingia wodini. Ni mke wa mkubwa mmoja mstaafu, mama mwenye moyo mkunjufu na simu pana, na alitaka kurekodi ile dakika ya furaha tuwaonyeshe wafadhili. Alimpanga nesi asimame upande wa dirisha. Alinipanga na mimi pia.

Bandeji ikatoka. Bibi akapepesa, akatazama dari, akamtazama mwenyekiti, kisha akanikazia mimi.

"Wewe ndiye yule wa sauti?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Kumbe mzee mwenzangu!"

Wodi nzima ilicheka, hata waliokuwa bado wamefungwa. Mimi nilicheka baadaye kidogo. Kisha bibi akageuka kwa mke wa mwanawe, aliyekuwa amesimama miguuni mwa kitanda. Wanawake hawa walikuwa wameishi ua mmoja miaka yote ile, mmoja akimlisha mwenzake, akimwogesha, akimshika mkono kwenda chooni. Bibi alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Umekonda," alisema.

Mkwe alijifunika mdomo kwa kanga. Mwenyekiti alikata ile video hapo, akasema haikuwa na furaha ya kutosha.

Baada ya wiki kadhaa tulirudi kumchukua bibi kwa ajili ya jicho la kushoto. Kigoda kilikuwa mlangoni, kimekaliwa na kuku. Bibi tulimkuta nyuma ya nyumba, anapeta mtama, mtoto mchanga amelazwa mkekani kando yake, na mbele vifaranga ambao ilibidi awalinde dhidi ya mwewe.

"Hongera, bibi! Naona sasa unafanya kazi!"

"Hongera ya nini?" Aliweka ungo chini. "Nilipokuwa sioni nilikuwa mtu. Sahani ya kwanza yangu, maji ya moto yangu, watu wanakuja na maneno yao nawaamulia. Sasa naambiwa, mama, si unaona? Mtazame mtoto. Mama, si unaona? Angalia vifaranga. Hata wale wa mipaka hawaji tena, wanasema bibi siku hizi ana kazi. Jicho moja limeniletea haya. La pili litaniletea jembe."

"Lakini si ulimwona mwizi wa ugoro?"

"Nilimwona. Ni mwanangu wa kumzaa. Bora nisingemwona."

Nikamfuata mkwe jikoni anisaidie kumshawishi. Hakuhitaji kuombwa.

"Mama," aliniambia, "mimi nilikuwa nampikia, namwogesha, namwongoza, halafu ndiyo naanza shamba. Sasa angalau mtoto ana mtu. Hilo la pili mnalitengeneza lini?"

Ndipo nilipouelewa upendo niliouandika kwenye taarifa. Sikuifuta. Ulikuwa upendo, ila ulikuwa umechoka.

Bibi alikataa kabisa, tukaondoka na gari tupu. Ubaya ni kwamba mwenyekiti alikuwa ameshaandaa hafla ya chakula cha mchana mjini, ya kuchangisha, na bibi ndiye aliyekuwa ushuhuda wetu. Nilitumwa kumwomba aje azungumze tu, jicho lisitajwe. Aliuliza kutakuwa na chakula gani. Nikasema pilau. Akakubali.

Ukumbi ulijaa. Mbele walikaa waheshimiwa na wafanyabiashara, nyuma madereva wao na wenyeji waliokuja kusikiliza. Kiswahili bibi alikijua, lakini mambo yake mwenyewe aliyasema kwa Kigogo, na siku hiyo alishika kipaza sauti kama aliyezaliwa nacho. Mkalimani alikuwa mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu, Mgogo wa hapahapa, mtu mkweli sana hadi siku ile. Mimi ni wa Tanga, lakini nimekaa Dodoma vya kutosha kuelewa kilichosemwa.

Bibi alisema, "Tangu mnifungue jicho, sijapumzika hata siku moja."

Mwalimu alimeza mate. "Anasema tangu aanze kuona, furaha haimpi mapumziko."

Mbele walipiga makofi. Nyuma walicheka.

"Nilikuwa nakaa kama mtemi. Sasa napeta mtama."

"Anasema sasa anashiriki kikamilifu katika uzalishaji mali."

Makofi zaidi. Dereva mmoja alikuwa ameinamia meza, mabega yanatikisika.

"Mwambieni yule mama mwenye simu kwamba jicho la pili silitaki. Ampe mwingine."

Mwalimu alipangusa uso kwa leso. "Anaomba na wengine wapate nafasi kama yake."

Hapo ukumbi mzima ulisimama, mbele kwa kuguswa na nyuma kwa kucheka, na kutoka jukwaani usingeweza kuwatofautisha. Wakatoa kwa moyo, pande zote mbili. Mwenyekiti aliniambia kwamba hajapata kusikia ushuhuda wenye nguvu kama ule, na bibi akala pilau mara mbili.

Nilidhani habari yake imeishia hapo. Lakini mavuno yalipokwisha, asubuhi moja nikiwa nagawa uji hospitali, nilimwona anaingia getini, mkwe wake nyuma na furushi kichwani. Walikuja kwa basi, hakuna aliyewafuata.

"Nimekuja kwa la pili," bibi alisema.

Nilifurahi, nikaanza kumpongeza kwa kuelewa umuhimu wa kuona vizuri kwa macho yote mawili.

"Acha hotuba, mwanangu. Kitanda kipo?"

"Kipo, bibi."

"Basi. Kule nyumbani pumziko nimelitafuta nimelikosa. Hapa mlinilaza, mkaniletea uji, nesi akaja kunitilia dawa, wala hapakuwa na kifaranga. Na yule daktari aliniambia nisiiname, nisibebe kitu kizito, nisikae kwenye moshi." Alitikisa kichwa, kama mtu anayekumbuka wimbo. "Maneno hayo hakuna aliyewahi kuniambia tangu niolewe."

Kumbe hakuyaweka moyoni peke yake. Aliyasimulia kisimani, kanisani na kwenye mashine ya kusaga, na baada yake wanawake wazee wa kijiji kile wakaanza kuja wenyewe, bila fulana zetu. Wengi walikuwa na mtoto wa jicho kweli na walitibiwa. Wengine hawakuwa na ugonjwa wowote zaidi ya migongo, wakanywa uji, wakapimwa, wakarudi. Kwenye taarifa ya mwaka tuliandika kwamba mwitikio wa kijiji hicho uliongezeka kutokana na elimu iliyotolewa na kikundi. Niliichapa mwenyewe.

Bibi alifanyiwa jicho la kushoto likatengemaa vizuri. Ila siku ile ya kuwasili, alipokwisha kulazwa, mkwe alinivuta pembeni kwenye korido.

"Mama, na mimi wanaweza kunipima?"

"Macho yanakuuma?"

"Hapana."

"Huoni vizuri?"

"Naona." Alitazama wodini, mashuka yaliyotandikwa. "Lakini wanaweza kuangalia tu. Huenda kuna kitu."

Nilimpeleka. Daktari alimmulika, akamsomesha herufi na michoro ukutani mpaka mstari wa chini kabisa, akatabasamu. "Mazima kabisa, mama. Hongera."

Sijapata kuona mtu akipokea habari njema kwa huzuni ile. Alishukuru, akashika furushi lake, akauliza basi la kurudi linaondoka saa ngapi. Nikamwambia sheria ya hospitali hairuhusu mgonjwa abaki bila msindikizaji. Sheria kama hiyo haikuwepo, lakini nilikuwa nimechapa sheria nyingi maishani mwangu, na niliitamka vizuri.

"Hata kama nina watoto nyumbani?"

"Hata hivyo. Si baba yao yupo?"

Alifikiri kidogo. "Yupo," alisema, kama jambo ambalo hakuwahi kulitazama kwa upande huo.

Nikamwonyesha chumba cha wasindikizaji. Alikunja kanga chini ya kichwa, akageukia ukutani. Mchana nilipita na ndoo ya uji, alikuwa amelala. Jioni nilipofunga jiko nilipita tena, bado alikuwa hajageuka upande wa pili, na nesi alikuwa amemfunika shuka la wodini.