Oluoch na Maski Zilizong'aa Kupita Kiasi

Kisumu Ndogo, kule Kibera, watu walimjua Oluoch kwa viatu vyake. Mvua ikinyesha na vichochoro vikageuka uji, sisi wengine tulifika kanisani tukiwa na matope hadi magotini. Oluoch alitembea pekupeku, viatu kwenye mfuko wa plastiki, akaomba maji kwa jirani wa kanisa, akanawa miguu, ndipo akavivaa. Akaingia aking'aa kama sufuria ya bibi harusi. Imani yake ilikuwa moja, na haikuwa ile iliyohubiriwa mle ndani: kitu kiking'aa, basi ni kizuri. Aliwapima hivyo wanawake, masufuria, hata wahubiri.

Mwaka wa tisini na nane alipata kazi ng'ambo ya Barabara ya Ngong, kwenye shamba lililokuwa la farasi zamani. Mchezo mpya ulikuwa umeingia mjini. Watu wa ofisi walivaa ovaroli, wakapewa bunduki za gesi zinazorusha vidonge vya rangi, wakafukuzana nyuma ya mapipa na matairi wakipigana risasi. Tena walilipa, wakamalizia kwa nyama choma. Tulipoelezwa habari hiyo Kibera tulidhani tunachezewa shere. Sisi mwaka uliotangulia, mwaka wa uchaguzi, tulifukuzwa na kupigwa na polisi bila kulipa chochote, na hakuna aliyetuandalia nyama choma baadaye.

Mchezo ni mchezo, lakini kidonge kile huenda kwa kasi, na kikikuta jicho wazi, jicho limekwenda. Kwa hiyo kila mchezaji alivaa maski ya kufunika uso mzima, yenye lenzi ya plastiki ngumu mbele ya macho. Aliyezitunza maski hizo ni Filister, jirani yetu tuliyemwita Mama Brandon. Oluoch aliajiriwa kumsaidia.

Mama Brandon alikuwa na utaratibu wake, na hakuwa na haraka. Kwanza aliimwagia lenzi maji ya uvuguvugu ili mchanga utoke wenyewe. Kisha sabuni kidogo ya mtoto, kitambaa laini, na mkono mwepesi. Lenzi zenye tabaka mbili hakuzitumbukiza kwenye beseni hata siku moja, kwa sababu maji yakiingia katikati hayatoki, na mchezaji hubaki anatazama ukungu. Alizifuta tu kwa kitambaa chenye unyevu. Sifongo za ndani, zile zinazolalia uso, alizikamua na kuzianika kivulini. Mwisho aliishika kila lenzi mbele ya dirisha, akatafuta ufa.

Oluoch alimtazama kwa huruma.

"Mama Brandon, hii ni kazi ama ni maombi?" alimuuliza. "Na bado hazing'ai."

"Hazikuletwa hapa zing'ae," Mama Brandon akamjibu. "Zimeletwa zizuie."

Oluoch hakuona tofauti. Jumapili ile, baada ya ibada, alikwenda Kawangware kwa binamu yake Ogola, fundi wa kupaka magari rangi, akarudi na chupa ya thina, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi. Jumatatu Mama Brandon alimpeleka mtoto kliniki, na Oluoch akabaki peke yake na kipaji chake. Alizisugua maski zote kwa thina na kitambaa cha sweta kuukuu. Palipobaki mikwaruzo alipaka dawa ya meno. Halafu akazianika juu ya paa la mabati, jua la Januari likichoma, zikakaa zikimetameta mpaka ndege wakaogopa kutua.

Meneja wao, Naftaly, alikuwa mtu wa kuzungumza na wafanyakazi huku akitazama juu ya vichwa vyao. Siku hiyo alishusha macho.

"Nani amefanya hii kazi?"

"Ni mimi, bosi."

"Sasa hii ndiyo kazi! Na Mama Brandon kila wiki ananiambia nibadilishe lenzi. Nibadilishe nini? Si mpya hizi?"

Mama Brandon aliporudi alikuta Oluoch ameshapandishwa cheo. Sasa alikuwa msimamizi wa maski, na Mama Brandon ndiye msaidizi. Aliinua maski moja kwenye mwanga. Akanusa. Akaona mistari myembamba ndani ya plastiki, kama utando wa buibui.

"Oluoch, umepaka nini hapa?"

"Siri ya ufundi."

"Hii imekufa."

"Mama Brandon, wivu utakuua wewe kabla ya hiyo maski."

Alikwenda kumwambia Naftaly kwamba thina imekula lenzi. Naftaly akamjibu kwamba macho yake yanaona maski safi, na kwamba mtu asiyependa maendeleo arudi sokoni akauze omena. Kwa wiki nzima Oluoch alivaa tai kazini. Jioni moja alikuja na maski mtaani, akaivaa akipita katikati ya moshi wa wakaanga samaki, akitupungia mkono kama rubani. Tulimpigia makofi. Ukweli ni kwamba tulimwonea gere.

Jumamosi wakaja wageni wa kampuni moja ya bima. Mkubwa wao, mama mmoja aitwaye Wangoi, alikuwa na desturi mbaya ya kuuliza maswali.

"Hizi maski ni salama?" alimuuliza Naftaly.

"Salama kabisa, madam. Hata tunaweza kuonyesha." Naftaly akageuka. "Oluoch! Vaa moja, usimame pale kwenye pipa. Nitakupiga moja ya uso, wageni waone."

Oluoch akavuta tai yake, akachukua maski iliyong'aa kuliko zote. Hakuna siku aliyowahi kuwa muhimu hivyo. Alikuwa amekwisha kuipandisha usoni Mama Brandon alipomshika mkono.

"Ngoja," alisema. "Tuanze na kichwa kisicho na mama."

Akaingia jikoni, akatoka na kabeji ya wageni ya mchana, akaivalisha ile maski, akaiweka juu ya pipa. Wageni wakacheka. Naftaly akacheka pia, ingawa alimtolea macho Mama Brandon, akachukua bunduki, akalenga, akafyatua.

Lenzi haikutoboka. Ilipasuka vipande vipande, kama sahani. Mama Brandon alipoivua maski, kabeji ilikuwa na rangi ya manjano ndani hadi karibu na moyo, na vipande vya plastiki vimechomeka kwenye majani. Hakuna aliyecheka tena. Oluoch alikaa chini, pale pale vumbini, na suruali yake iliyopigwa pasi. Akajigusa jicho la kulia, kisha la kushoto, kama anayehesabu.

Wangoi aliwakusanya watu wake wakaondoka. Ndipo Naftaly akamgeukia Oluoch.

"Wewe mjinga, nani alikutuma kupaka thina?"

"Bosi, ulisema ndiyo kazi," Oluoch akanong'ona.

"Nilisema *usafi*!"

Maski zote zilizopitia mikononi mwake zilinyofolewa lenzi, lenzi zikatupwa. Mpya zilipoletwa, Naftaly aliwaambia wenye shamba kwamba alikuwa ameziomba tangu mwaka uliopita. Walimsifu kwa kuona mbali.

Jumapili iliyofuata Oluoch alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Alieleza jinsi shetani alivyomtegea kifo, na jinsi Bwana alivyomwokoa dakika ya mwisho kwa kabeji. Watu wakaitikia amina. Wengine walilia. Hakutaja thina.

Mama Brandon akainuka kwenye safu ya akina mama.

"Mimi naongezea ushuhuda wa ndugu," alisema. "Kabla shetani hajafika, alipitia Kawangware kwa binamu."

Kanisa lilicheka mpaka mchungaji akaomba wimbo. Oluoch aliinamisha kichwa, lakini hakutoka nje, na hilo nampa.

Kesho yake alifika kazini mapema, bila tai, akamkuta Mama Brandon akipasha maji.

"Mama Brandon, niaje. Nionyeshe."

Mama Brandon hakumsuta. Alimpa kitambaa. Alimfundisha kupima maji kwa kiwiko, kama ya kuogesha mtoto. Saa sita hivi maski moja ikamponyoka Oluoch, ikaanguka na kugonga sakafu ya saruji. Aliiokota haraka, akaigeuzageuza. Ilikuwa safi, inapendeza, haina hata alama.

"Iko sawa," alisema.

Mama Brandon akaendelea kusuuza.

Oluoch akasimama nayo dirishani muda mrefu, akiisogeza huku na huku kwenye mwanga. Kwenye ukingo, karibu na kishikizo, akauona: ufa mwembamba kama unywele wa mtoto. Akaing'oa lenzi, akaivunja kwa goti, akaitupa pipani.