Viluwiluwi katika Josho la Kwa Kihara

Kwa Kihara hakuna mtu siku hizi. Ukitoka Naro Moru, ukaupa Mlima Kenya kisogo na kukata nyanda kavu za magharibi, utakuta nyumba zilizovuliwa mabati, duka la nyama lenye kulabu zilizoliwa na kutu, na ghala la siagi ambalo mavi ya popo yamelijaza uvundo wa kuliza macho. Kihara, yaani upara kwa Kigikuyu, ndivyo wenyeji walivyomwita mzungu mwenye upara aliyefuga hapo ng'ombe elfu mbili. Alipofungasha virago baada ya Uhuru, wenyeji waliinunua ranchi kwa ushirika, wakachinja fahali, wakaimba mpaka sauti zikawakauka.

Theuri ndiye aliyesimamia josho, tangu enzi za mzungu yule. Kila Alhamisi aliwaswaga ng'ombe mmoja mmoja ndani ya handaki la saruji lililojaa dawa, wakazama hadi pembe, wakaibuka upande wa pili wakichuruzika na kupe wao wakiwa wafu. Hakuwahi kupoteza mnyama wa mtu. Ndiyo maana Wakonyo, mjane aliyeishi Mweiga, alimwachia ng'ombe wake mwenye mimba amtunze kwa desturi ya Wagikuyu: mtunzaji anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenye ng'ombe, na mnyama akifa, mtunzaji anaibeba ngozi mpaka kwa mwenyewe, ajionee kwamba hakuliwa kwa hila.

Mwaka wa 1971 mwenyekiti wa ushirika, Gatimu, alianza kuuza mikebe ya dawa kwa wakulima wa mbali na kujazia josho maji ya mto. Theuri alijua. Asubuhi moja ya mvua za Aprili alikuta viluwiluwi wakichezesha mikia mahali ambapo zamani hata nzi akianguka hakuinuka. Akatema mate, akakoroga, akanyamaza. Yeye na Gatimu walitahiriwa asubuhi moja, wakasimama bega kwa bega katika maji baridi ya mto. Mpaka sasa waliitana "wakini", yaani mwenzangu wa rika, na mtu hamuumbui wakini wake hadharani.

Mwezi wa Julai ndigana, homa inayoletwa na kupe, ikamshika ng'ombe wa Wakonyo. Tezi zilimvimba chini ya masikio, povu likamtoka puani, akakoroma siku mbili, akafa na ndama tumboni. Theuri alimchuna huku ameziba pua kwa bega. Ndani ya masikio kupe walikuwa wamesongamana kama maharagwe yaliyolowekwa, na kila alipogusa walimpasukia vidoleni. Alitapika uji wote wa asubuhi.

Siku hiyo wanachama walikuwa wakikutana mbele ya duka la nyama, na Wakonyo alikuwapo. Theuri akaikunjua ngozi miguuni pake. Mjane akainama, akayageuza masikio kwa kijiti.

"Mzee Theuri, hizi si kupe za siku moja. Ng'ombe yangu ulikuwa unaiosha wapi, kwa ndoto?"

Watu wakacheka.

"Kila Alhamisi, mama. Hapa hapa."

"Dawa iko sawa," Gatimu akadakia, akipangusa mafuta ya mbavu za mbuzi kidevuni. "Shida ni mwoshaji. Mzee anasinzia! Wakini, si useme tu ulilala, mama akusamehe, twende nyumbani?"

Akamkonyeza. Theuri aliyatazama yale mafuta, kisha kile kidole kilichokuwa kikichokonoa nyama kwenye meno. Alichukua karai, akateremka joshoni, akarudi na kulitua mezani kando ya mbavu. Ndani, viluwiluwi walizunguka, wanene, wengine wameshaota miguu.

"Wakini, dawa yako hii. Imezaa."

"Ati sumu inafuga vyura!" mtu akapaza sauti nyuma, na safari hii hakuna aliyecheka. Gatimu alisogeza sahani yake.

Wakonyo alimgeukia Theuri. "Uliwaona lini mara ya kwanza?"

Angeweza kusema, "Leo." Watu wote walikuwa upande wake.

"Aprili," akasema.

Mjane akaikunja ngozi polepole, kupe na vyote. "Basi sijaibiwa. Nyama yangu hukula. Lakini ng'ombe yangu mliiua wawili." Akaitwika mgongoni, akashika njia ya Mweiga.

Kabla mwaka haujaisha kila mwenye mifugo alikuwa ameihamisha au ameizika, na waliobaki wakayang'oa mabati. Gatimu alifungua baa mjini Nyeri, na inasemekana ilijaa. Theuri alilima viazi kando ya barabara ya Naro Moru mpaka uzeeni. Hakuna aliyemwachia tena hata mbuzi, naye hakuomba.