Wazee Wote Kwenye M

Msimwone Imaculata Haule kashika jembe mkadhani hajui mengine. Ana ekari moja ya mahindi kijijini Mpitimbi, Songea, na kompyuta ya mtumba, na kwa miaka miwili, kila akitoka shamba, alikuwa akijifundisha kuandika programu. Mwaka huu chama cha ushirika kikamkubalia: siku ya kugawa mbolea, watu wataitwa kwa orodha yake. Mwenyekiti, Mama Leticia, hakumficha.

"Mwanangu, ikivurugika tunarudi kwenye daftari, na habari za kompyuta nisizisikie tena."

Siku ikafika. Madirisha yalikuwa matatu: A hadi J, K hadi O, P hadi Z. Mzee Pankrasi, aliyewahi kuliko wote, akaenda la tatu, akaambiwa hayumo, ajaribu la kati. Wakafuata wenzake, nao hivyo hivyo. Ilipogonga saa tatu foleni ya dirisha la kati ilikuwa imefika barabarani, tena ya wazee watupu, na karani wa dirisha la tatu anapiga miayo.

Imaculata akafungua orodha. Mzee Pankrasi, Mzee Saimon, Mama Lidwina, Mama Edna, wote wamejazana kwenye M. Aliyeingiza majina ni Mathias, karani wa chama.

"Mathias, kwa nini hukuandika majina matupu?"

"Dada, mtu ni rika la babu yangu, nimwandike Pankrasi hivi hivi, kama naandika mbuzi?"

Na kweli, nani Songea nzima angethubutu? Mashine ndiyo haijui mkubwa wala mdogo. Inalinganisha herufi ya kwanza na ya kwanza, zikifanana inakwenda ya pili, basi. Kufuta Mzee na Mama kwenye majina mia sita, muda haupo, na wenyewe wangenuna. Imaculata akakaa juu ya mfuko wa mbolea, kompyuta mapajani. Mama Leticia akasimama nyuma yake, daftari kwapani.

Ndipo wazo likamjia. Wazee wabaki na heshima zao, kinachobadilika ni namna mashine inavyolinganisha. Akaandika: unapopanga, ruka Mzee, Mama, Bibi, Sista, Mwalimu, utazame jina linalofuata, unapoonyesha, onyesha yote. Mistari saba tu. Akabonyeza, na orodha ikajipanga upya mbele ya macho yake, Mzee Pankrasi akatua kwenye P na uzee wake.

"Mzee Pankrasi, dirisha la tatu," akaita kwa furaha.

Foleni ikagawanyika. Kufikia saa saba mifuko ilikuwa imebaki michache, na Mama Leticia akalifungia daftari kabatini.

"Na mfuko wako umechukua?" akamuuliza.

Imaculata akajitafuta kwenye I. Hayumo. Akashuka, akapanda, hofu ikamrudia. Akajikuta kwenye F. Mathias alikuwa amemwandika tangu mwezi uliopita, kabla mtu yeyote hajajua kama programu itafanya kazi: Fundi Imaculata Haule.

Akalitazama jina hilo mpaka machozi yakamlengalenga. Kisha akarudi kwenye mistari yake saba, baada ya Mwalimu akaongeza neno Fundi, akabonyeza.