Gauni la Cucu na Pasi ya Makaa

Juzi nilirudi nyumbani Runyenjes kupumzika, baada ya daktari kuniambia kwamba uvimbe nilio nao hauwezi kungoja. Katika stoo ya mahindi nikaikuta pasi ya makaa ya cucu, nyanya yangu, imeshika kutu na mpini umelegea. Niliipakata nikacheka peke yangu. Kama ulikulia milimani kwetu, rafiki yangu, unaijua: ukiipepea vibaya cheche zinatoboa nguo, na maelezo utayatoa mbele za watu.

Nilikuwa darasa la tano cucu alipougua. Alikuwa mwanamke wa kupanda mlima na kikapu cha majani chai mgongoni na bado ana pumzi ya kukutania njiani. Halafu tumbo likamshinda. Akapasuliwa, akarudishwa nyumbani amekonda, na watu wazima wakaanza kunong'ona jikoni. Nilielewa walichonong'ona. Niliogopa sana, maana sikuwa na mtu mwingine wa kunilea.

Lakini kila Jumamosi, nikishachota maji na kumnywesha uji wa wimbi, aliniita nikapige pasi gauni lake jeupe, sare ya akina mama wa kanisa. Nililipiga juu ya meza iliyotandikwa blanketi, moshi ukichanganyika na harufu ya nguo yenye unyevu, kisha nikaliangika kwenye msumari aliouona kutoka kitandani. Jumapili ikapita, gauni likabaki pale pale. Jumamosi nikalipiga tena.

Jirani yetu, mama asiyejua kunyamaza, alinikuta siku moja nikipepea makaa.

"Wewe mtoto, unapigia nani nguo pasi na mgonjwa hata kuketi hawezi? Si hiyo makaa mngepikia?"

Sauti ikatoka chumbani, nyembamba lakini kali. "Mwache apige! Mungu akiniambia amka twende kanisa, nimwambie angoje kwanza nitafute makaa?"

Jirani alicheka huku machozi yakimtoka. Jumamosi iliyofuata alileta makaa ya kwake.

Mvua zilikuja zikaenda. Asubuhi moja cucu aliketi, akaonyesha msumari kwa kidole. Gauni lilimpwaya, ikabidi jirani alibane mgongoni kwa pini. Tukashuka katikati ya mashamba ya chai, yeye akipumzika kila tulipokuta jiwe, akiomba kwa Kiembu kama mtu anayezungumza na ndugu yake. Tulifika watu wakitoka. Mhubiri alipomwona langoni aliwarudisha wote ndani, ibada ikaanza upya. Njaa iliniuma kweli siku hiyo, na sijawahi kufurahi vile.

Cucu aliishi mpaka akawapakata watoto wangu. Sasa hayupo, jirani naye hayupo, nyumba yetu ya mbao ilibomolewa na lile kanisa dogo limejengwa upya kwa mawe. Harufu ya nguo na makaa siku ya Jumamosi huisikii tena popote, na nimeikumbuka mno.

Jumatatu naanza matibabu. Kuogopa naogopa, nisikudanganye, lakini nilishaona kwa macho yangu jinsi mgonjwa anavyomngoja Mungu.

Jana binti yangu alinikuta nikichomeka pasi ya stima, gauni la kanisa likiwa tayari mezani.

"Mum, si daktari alisema upumzike? Na hiyo gauni unaenda nayo wapi?"

Nikamwambia aache maswali, aniletee nyundo na msumari.