Agneta Semhando, Mtumishi wa Wasioinuka

Alizaliwa Agneta Semhando mwezi Mei mwaka 1971, katika kijiji kimoja kwenye barabara ipandayo kutoka Muheza kwenda Amani, mtoto pekee wa katekista Filemoni Semhando na mkewe Perusi, aliyefariki kabla binti hajatimiza siku arobaini. Tangu utotoni hakutulia. Baba yake, mwenye sauti iliyojaza kanisa lote, alimfundisha katekisimu jikoni huku akimenya mihogo, na kila jibu alilotoa baba, binti alilipokea kwa swali jingine. "Mungu alituumba ili tumjue," alisema baba. "Na asiyemjua, baba, aliumbiwa nini?" Siku hiyo mihogo iliungua.

Swali hilo halikumwacha. Lilimfikisha chuo kikuu, akasoma falsafa, kisha akaifundisha miaka tisa. Wanafunzi wake wanakumbuka kwamba hakuwahi kufundisha ameketi. Alikwenda huku na huku mbele ya ubao kama mtu aliyepoteza ufunguo. Aliwaambia kuwa kwa watu wa kale falsafa ilikuwa zoezi la kila siku: kujichunguza unavyokula, unavyokasirika, unavyomtazama jirani. Alilisema vizuri. Yeye mwenyewe, alikiri baadaye, hakuwa amelitenda hata wiki moja.

Mwaka 2006 Filemoni alipooza upande mmoja na ulimi wake ukafungwa. Agneta aliomba likizo, akarudi. Jirani yao Bi Sabiha, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Pemba, alimwonyesha namna ya kumgeuza mgonjwa asichubuke. Likizo ya miezi mitatu ikawa karibu miaka mitatu. Kuosha, kugeuza, kufua mashuka, kukoroga uji, kuosha tena. Alisali na hakusikia kitu. Alizunguka chumbani akijiuliza kama kuna maana yoyote kuutunza mwili usiopona, na hasira ilimpanda zaidi baba alipomfuata kwa macho.

Januari 2009 chuo kilimwandikia kuwa arudi, la sivyo nafasi yake ingetolewa. Alimkabidhi baba kwa Bi Sabiha, akashuka Muheza na sanduku lake, akakata tiketi ya basi la alasiri. Hapo ndipo alipogundua kuwa amesahau vyeti. Tusimpambe kwa lisilokuwapo: hakurudi kwa huruma, alirudi kwa vyeti. Aliingia chumbani mbio, hata shikamoo hakumpa Bi Sabiha, akawa anapekua makaratasi huku na kule. Ndipo Filemoni, aliyekuwa hajatamka neno tangu augue, akasema wazi: "Keti."

Bakuli la uji lilimponyoka Bi Sabiha, naye anashuhudia jambo hilo mpaka leo. Agneta aliketi ukingoni mwa kitanda. Basi likaondoka. "Baba, umesema?" aliuliza. Filemoni hakusema tena neno hadi alipofariki Oktoba 2010.

"Nilikuwa nangoja niijue maana kwanza, ndipo nimhudumie," Agneta alimwambia Bi Sabiha baada ya maziko. "Siku ile niliketi bila kuijua."

"Nasi tuliobaki je, mwanangu?" Bi Sabiha alimwuliza. "Wenye wagonjwa ndani ni wengi."

Hakurudi chuoni. Alianza kuzitembelea nyumba zenye watu wasioinuka, akaona kuwa anayesahaulika zaidi ni yule anayewauguza. Kila nyumba aliipa siku moja kwa juma, akashika nafasi ya mwuguzaji na kumtoa nje. "Nenda gulioni, kasuke nywele, ukitaka kalie. Urudi jioni." Kufikia 2015, wengine wakiwa wamejiunga naye, nyumba zilikuwa kumi na nne, nyingine mbali kule Mwera.

Jaribu lake kubwa lilimpata Kwaresima ya 2016. Mama mmoja aitwaye Queen, mwenye binti aliyelala kitandani miaka sita, alisimama katika mafundisho ambayo Agneta alikuwa akiyatoa kanisani akamwuliza, "Mwalimu, mwanangu anateswa kwa kosa gani?" Agneta alijibu mbele ya wazee wa kanisa: "Sijui. Anayekwambia anajua, mwulize amejulia wapi. Alhamisi nitakuja nimwogeshe." Wazee waliona ni kashfa, wakamzuia kufundisha miaka miwili. Alitii, akakaa benchi la nyuma. Alilia pia, na mwenyewe alisema kuwa alilia kwa hasira, wala si kwa unyenyekevu. Lakini Alhamisi alikwenda.

Mwaka 2022 saratani ya ini ilimlaza. Kuoshwa kulimshinda kuliko kuosha. Queen alipokuja na beseni, Agneta alimsukuma mkono.

"Niache, nitajiosha."

"Huwezi, Mwalimu." Queen akakamua kitambaa. "Haya, ile maana uliyokuwa ukiingoja, sasa umeijua?"

Agneta aliushusha mkono. "Bado. Anza na miguu."

Alifariki tarehe 9 Juni mwaka huo. Kanisa halijamtangaza mtakatifu, nasi hatuitangulii hukumu yake. Ila nyumba zake leo ni ishirini na mbili, na Wakristo na Waislamu wanapokezana zamu. Anayetaka kumfuata asingoje moyo utulie. Karibu naye ipo nyumba yenye mtu asiyeinuka na mwingine asiyetoka. Apige hodi, ataje siku atakayokuja. Na siku hiyo, akiwa na imani au akiwa na mashaka, aje.