Malaika wa Mapinduzi Aliyeniitikia

Chekeni tu, nimestahili. Mimi ni mwalimu wa fasihi karibu na Kwa Vonza. Wiki jana, saa kumi jioni, nilijifungia darasani nikifanya mazoezi ya somo kuhusu mshairi wa kale wa Uingereza, aliyechukia dhuluma ya wafalme hadi akaona malaika wa mapinduzi mitini.

"Dhuluma ndiyo iliyomfungua macho," nikasema.

"...macho," miti ya nje ikaitikia.

Nikapiga magoti. "Nimekusikia! Watawala wote waanguke!"

"...waanguke," miti ikajibu.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mwalimu mkuu.

"Mwalimu, zima hiyo maiki ya mkutano uliyoisahau shingoni. Spika ziko mitini, wazazi wameshafika mkutanoni, na chifu anauliza kama na yeye aanguke."