Tenin Dembele na Uwele Wenye Ndevu

Pale kijijini Falakono asubuhi haijawa asubuhi mpaka Tenin Dembele na Zumana Diarra wamekwisha kutukanana. Mmoja anatoka kisimani, mwingine anaswaga mbuzi, wanakutana penye ukuta wa msikiti, na hapo watu huacha wanachofanya wakatega masikio.

"Diarra! Mbona tumbo limetangulia, mwenyewe unafuata nyuma? Kunde za jana hizo!"

"Kunde mnakula nyinyi kina Dembele. Mimi ni mfalme. Nipishe njia, mtumwa wangu."

"Mfalme wa kunde!"

Ndivyo ilivyo kati ya koo hizi mbili tangu mababu, na usiniulize kwa nini iwe kunde. Kunde ni chakula kitamu na kila nyumba inapika, ila mtani wako akikukuta unazitafuna, umekwisha. Zumana alikuwa na msimamo wake: hakuna mtu aliyewahi kumwona na kunde mdomoni. Wakeze wakizipika, yeye huyo, anakwenda kudoea kwa kaka yake. Naye Tenin hakuchoka kumwandama. Mtani hakasirikiwi, hata msibani ana ruhusa ya kumcheka maiti. Wawili hawa walizeeka ndani ya mchezo huo, na nadhani ukiwaondoa watu wa nyumbani kwake, hakuna aliyempenda Zumana kuliko Tenin.

Sasa niwaambie Tenin ni nani hasa. Alikuja Falakono akiwa bibi harusi, mwaka ule mvua ilipokatika mapema na uwele wa kijiji kizima ukakauka punje zikiwa bado maziwa. Watu wanalia, yeye yumo shambani anazunguka. Akaona hapa shina moja, pale jingine, suke limewahi kukomaa kabla mvua haijaaga. Unajua alifanya nini? Alichana kitenge chake cha harusi, kipya, akafunga kipande kwenye kila suke lililowahi, ili wavunaji wasiliguse. Mama mkwe alipoona alipiga ukelele.

"Bina! Njoo umwone mkeo! Anavisha uwele nguo, kesho atatembea uchi!"

Bina, mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa maneno machache. Aliyatazama yale matambara, akamtazama mkewe. "Mwacheni," akasema. Basi. Neno hilo moja limetulisha wengi wetu.

Mwaka uliofuata Tenin alipanda zile mbegu peke yake, akachagua tena. Walipokuja wale ndege wadogo wanaomaliza shamba huku unawatazama, aliona wanaruka masuke yenye ndevu ngumu, yanawachoma macho. Matambara yakahamia kwenye masuke yenye ndevu. Vitenge vilichanika, nawaambia. Bina alikuwa akimnunulia kitenge sikukuu, na kabla ya mavuno nusu yake iko shambani inapepea.

Baadaye akaja Fanta Sogoba, mtaalamu wa mbegu kutoka kituo cha utafiti, msichana mwenye sauti kubwa na mwendo wa haraka. Alileta uwele mfupi unaokomaa upesi na usioshikwa na ukungu. Kasoro yake hauna ndevu, ndege waliufanya karamu, na ugali wake ukilala unameguka kama udongo mkavu. Wa Tenin una ndevu na ugali mzuri, lakini ni mrefu, upepo unaulaza.

"Tuwaozeshe hawa," alisema Tenin.

"Mama, hiyo ndiyo kazi yangu," Fanta akacheka. "Mimi ni mshenga wa mbegu."

Wakapanda mstari huu wa huyu, mstari ule wa yule. Fanta akampa Tenin darasa palepale shambani: kwenye suke la uwele nywele za kike hutoka kwanza, chavua ya suke lenyewe, ule unga wa kiume, inakuja siku chache baadaye.

"Kumbe bibi harusi anafika kabla ya bwana harusi!"

"Ndiyo, mama. Na upepo ukimletea mwingine kabla, anaolewa na huyo."

"Ala! Hana hata aibu."

Walicheka sana siku ile, hawakujua neno hilo litakuja kuwatoa machozi. Kutokana na ndoa ile walichagua watoto, na watoto wa watoto, wakatupa wengi kuliko waliobaki. Fanta alipima na kuandika, Tenin alionja ugali na kufunga matambara, na wakibishana walibishana kweli, mpaka siku nyingine Fanta anaondoka bila kuaga. Wakaupata. Mfupi, unawahi, una ndevu, ugali wake unalala na kuamka mzima. Bina alikufa kabla hajauonja.

Ikabaki kuuzalisha uwe mbegu ya kugawia watu, na hapo ndipo balaa lilipoingia. Shamba la Tenin lenye rutuba limepakana na la Zumana, na upepo wa mvua unatokea upande wake. Zumana alipanda pale uwele wa mama yake, mrefu, mweupe, hauna unywele wa ndevu. Ulichanua wakati mmoja na ule wa Tenin. Mwaka ule mbegu zilizotoka kwenye shamba la Tenin zilikuwa mchanganyiko mtupu, warefu, wafupi, wenye ndevu na vipara. Wakaguzi wa mbegu walizikataa, na walikuwa na haki. Tenin alibaki na kibuyu kimoja cha mbegu safi, alichokuwa ameficha kwenye mtungi pamoja na majivu na majani ya mwarobaini. Kibuyu hicho kikienda njia ileile, kazi ya maisha yake imekwisha, na mwili ulikuwa umeanza kumwambia kwamba hana maisha mengine ya kuanza upya.

Majirani wa pande nyingine walikubali kumpisha, mmoja akasema atapanda karanga, mwingine ufuta. Zumana akabaki. Karanga zinaoza kwenye ardhi ile nzito, ufuta haukubali. Kinachokubali pale ukiacha uwele ni kimoja tu. Mnakijua.

Basi Tenin akamkabili penye ukuta wa msikiti, asubuhi, watu wamejaa.

"Diarra, mwaka huu nakuomba lile shamba lako upande kunde."

Hee! Watu walianguka. Zumana mwenyewe alicheka mpaka akajishikilia kwa mbuzi. "Huyu leo kanipata!" alisema, anafuta machozi. "Shamba zima? Shamba zima, Dembele?"

"Zumana, nasema kweli."

"Na mimi nacheka kweli!"

Akaenda zake, na siku nzima kijiji kilisimulia jinsi Tenin Dembele alivyompiga Diarra utani wa mwaka. Tenin aliingia ndani akakaa na kibuyu chake mapajani. Alikuwa ameomba jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kuomba, na lilikuwa ndilo tusi lake la kila siku.

Asubuhi ya pili alikwenda kumsubiri njiani, mbali na watu.

"Zumana, umeamkaje? Watoto hawajambo? Nyumbani salama?"

Zumana akasimama. Mbuzi wakaendelea bila yeye.

"Umeniitaje?"

"Zumana."

"Kafa nani?"

"Hakuna aliyekufa."

"Tenin, usinifiche. Ni mwanangu wa Bamako? Niambie tu."

"Zumana, hakuna msiba. Kaa chini."

Alikaa pale pale mavumbini. Katika umri wao wote hakuwahi kusalimiwa na mwanamke huyu bila kutukanwa. Tenin akamweleza yote, upepo, chavua, mbegu zilizokataliwa, kibuyu. Zumana alisikiliza kichwa kimeinama.

"Kwa hiyo jana hukuwa unatania."

"Sikuwa natania."

"Na mimi nikakucheka mbele ya watu." Akatikisa kichwa. "Kuchekwa nitachekwa, si neno. Lakini uwele ule ni wa mama yangu, Tenin. Alinikabidhi kwa mkono wake. Haujawahi kukosa msimu. Sina pengine pa kuupanda, na mbegu ikikaa ghalani msimu mzima wadudu wakaila, nani atanirudishia? Niombe kingine. Niombe mbuzi wote hawa."

"Sitaki mbuzi."

"Basi sina."

Tenin alirudi nyumbani akimtukana, na mara hii haikuwa utani. Kichwa kigumu! Mzee mchoyo! Fanta alimkuta bado anafoka. Fanta alikuwa ameleta mifuko ya karatasi ya kufunika masuke yasiingiwe na chavua, lakini mifuko ile ingetosha mistari michache, si shamba.

"Mama, labda nimwone mimi, nimsomeshe."

"Umsomeshe nini?" Tenin alimkata. Kisha akaketi. "Unajua, mwanangu, mtu akiniambia leo niache mbegu yangu msimu mmoja, nitamwambia nini? Nitamfukuza na mchi."

Jioni ile ile alikwenda kwa Zumana.

"Nipe mbegu ya mama yako. Nitaipanda ng'ambo ya kijito, kwenye kashamba kangu. Kako peke yake, hakuna uwele wa mtu karibu."

"Pale si pa karanga zako? Mchuzi wako wa mwaka mzima?"

"Nitakula mchuzi wa majani kama mbuzi wako."

Zumana hakucheka. "Nakujua wewe na matambara yako. Utauchagua mwisho uwe mfupi kama wako."

"Sitachagua hata suke moja. Mimi nitapalilia, utachagua wewe."

"Nitafikiri," alisema, akaingia ndani.

Mvua ya kwanza ikanyesha, jibu hakuna. Ya kupandia ikanyesha, jibu hakuna. Kijiji kizima kiko mashambani, na Tenin amesimama mpakani, kibuyu mkononi, anaogopa kuiachia ardhi mbegu ya kwanza. Mara akawaona. Zumana mbele, wanawe wote nyuma, wana majembe na vibuyu vilivyofunikwa. Wakaanza kupanda. Tenin alijaribu kuangalia mikono yao asione kitu.

"Dembele!" Zumana akapaza sauti, watu wa njiani wakageuka. "Njoo uone mwenyewe, usije ukasingizia macho mabovu!"

Akafunua kibuyu. Kunde.

Mungu wangu, zogo lililofuata! "Diarra anapanda kunde! Dunia imekwisha!" Wengine waliacha majembe wakaja mbio kushuhudia. Zumana aliwaacha wacheke, akachomoa fundo la kitambaa kutoka ndani ya kanzu, akalitia mkononi mwa Tenin.

"Hii ikipotea," akasema kwa sauti ya chini, "utani kati yetu umekwisha."

Tenin alilifunga fundo lile kiunoni, akarudi kwenye shamba lake, akapanda.

Msimu ule Zumana alikiona cha moto. Watoto walimwimbia, wakeze walimwimbia, hata imamu alipomsalimu alikuwa anabana kicheko. Yeye akaendelea kupalilia kunde zake. Uwele wa Tenin ulipochanua upepo ulivuma kutoka upande wa Zumana kama kawaida, ukapita juu ya kunde, ukafika mikono mitupu. Na ng'ambo ya kijito Tenin alipalilia uwele wa mama yake mtu mpaka kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi, kikakosa pa kuota. Kila Ijumaa baada ya swala Zumana alikwenda kuuangalia. Alianza kwa kukagua, akaishia kwa kusaidia.

Siku moja karibu na mavuno alimkuta Tenin pale, akazungukazunguka, akakohoa.

"Haya mawili matatu yamewahi kuliko mengine," akasema, anaelekeza masuke. "Una tambara?"

Tenin alishika pindo la kitenge chake, akalichana.

Wakaguzi walipita kila mstari wa shamba la Tenin. Hawakuona mrefu, hawakuona kipara. Fanta alimkumbatia Tenin wakaangukiana katikati ya uwele, ndevu zikawachoma, hawakujali.

Siku ya kugawa mbegu kila nyumba ilikuja na bakuli, na watu wa vijiji vya jirani pia. Katikati ya shughuli akatokea Zumana, kanzu nyeupe ya Idi, bakuli kubwa mikononi. Akatandika mkeka mbele ya wote, akaketi. Ndani ya bakuli mlikuwa na kunde zilizochemshwa, zinang'aa mafuta. "Bismillahi," akasema, akala.

Wote waligeuka kumtazama Tenin, maana nafasi kama ile mtani huipata mara moja katika maisha. Tenin alifungua mdomo. Machozi yakaanza kumtoka.

"Mbona kimya?" Zumana akauliza, mdomo umejaa. "Ninakula kunde mbele ya dunia nzima, wewe huoni?"

"Ninaona, Zumana."

"Usiniite Zumana! Utanitia hofu tena."

Tenin akajifuta uso kwa kile kitenge chake chenye pindo lililochanika. Akanawa mkono. Kwetu mwanamke hali bakuli moja na mwanamume asiye wa nyumba yake, kila mtu pale alilijua hilo, naye alilijua. Akaketi kwenye mkeka.

"Sogea, Diarra. Utazimaliza peke yako?"

"Dembele anakula kunde!" watoto wakapiga kelele. "Dembele naye anakula kunde!"

"Zimepungua chumvi," alisema Tenin, akatia tonge jingine.

Wakazimaliza.